Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu husomwa kama onyo kwa mgeni mvivu, na wapo wanaoitaja kwa kejeli pindi jamaa wa mbali anapozidisha kukaa. Lakini kwa mwenye kuitazama vyema, jembe lile si adhabu, ni heshima. Ni kumwambia mgeni: umekula chakula chetu, umelala chini ya dari yetu, sasa njoo shambani uone kinakotoka. Siku ya kwanza mgeni hutazamwa. Siku ya pili huzoewa. Siku ya tatu huhesabiwa miongoni mwa watu.

Zama hizi amezuka mgeni ambaye methali haikumjua. Hafiki siku ya tatu, wala ya pili; hata hiyo ya kwanza haimalizi. Hushuka asubuhi, na kabla jua halijazama amekwisha ondoka. Halali, hapiki, haazimi chumvi. Mgeni huyo huletwa na meli kubwa za kitalii, na katika kisiwa cha Santorini huko Ugiriki, ambacho wenyewe hukiita Thira, huonekana kwa maelfu katika siku za kiangazi. Makala haya yanadai kwamba siku ya namna hiyo si ziara, na kwamba wanaoiuza kwa jina la ziara wanamdhulumu mgeni na mwenyeji kwa pamoja.

Na ichukuliwe familia moja ya aina inayopatikana katika kila meli: baba, mama, watoto wawili, na bibi yao mzaa mama mwenye magoti mabovu. Si matajiri. Fedha za safari wamezidunduliza kwa miaka, na bibi ndiye aliyekichagua kisiwa, kwa kuwa alikiona zamani katika kalenda iliyotundikwa ukutani. Saa moja asubuhi meli inaingia katika ghuba iliyochimbwa na volkano. Maji ya hapo yana kina cha mita 300 na zaidi, na gati la kuipokea meli kubwa hakuna. Abiria hushushwa kwa mashua hadi bandari ya zamani, chini kabisa ya jabali. Kila familia hupewa namba ya zamu. Ya familia hii inaitwa saa tatu.

Kutoka bandarini hadi mji wa Fira, ulio juu ya jabali kwa zaidi ya mita 200, njia ni tatu. Ya kwanza ni ngazi karibu 600, ambazo magoti ya bibi hayaziwezi. Ya pili ni punda na nyumbu wapandao ngazi hizo hizo; wanyama hao waliteswa kwa mizigo hata mwaka 2018 serikali ya Ugiriki ikaweka sheria kwamba mnyama asibebeshwe zaidi ya kilo 100, au moja ya tano ya uzito wake. Ya tatu ni vibehewa vinavyoning'inia kwenye waya. Familia inajipanga foleni ya vibehewa pamoja na abiria wa meli nyingine tatu. Inafika juu saa nne na nusu, inatafuta basi la kwenda Ia, kijiji cha kwenye kalenda, na kufika huko saa tano na nusu.

Muda wa kukaa Ia ni saa mbili. Dakika 40 zinakwenda katika kusubiri zamu ya kupiga picha mbele ya makuba ya buluu, kwani hata hapo pana foleni, na aliye nyuma huguna. Saa nzima inakwenda katika mgahawa, ambamo mhudumu hana nafasi ya kusema lolote ila bei. Zimebaki dakika 20. Ndipo bibi anapoketi juu ya ukuta mfupi mweupe, na mwanamke mmoja mzee aliyevaa nguo nyeusi anapita na kapu lake. Wanatazamana. Yule mwenye kapu anasema neno, bibi anatabasamu bila ya kulielewa, na mama anaita kwamba basi linajaa. Saa saba na nusu wanaondoka; foleni ya kushuka ni ndefu kuliko ya kupanda; robo kabla ya saa kumi wamo melini, na mtoto mdogo amelala begani kwa baba yake.

Hesabu ni nyepesi. Kati ya takriban saa tisa ambazo tangazo la safari huziita siku nzima kisiwani, familia imepata dakika 20 ambazo hazikuwa foleni, wala basi, wala meza ya kulipia. Na katika dakika hizo 20 jambo moja tu lilianza kutokea, nalo lilikatwa kabla halijafika sentensi ya pili.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la familia. Kwamba mtu mwenye akili angejisomea kabla ya kuja, angekwepa makuba ya buluu na kwenda kwenye vijia visivyo na watu. Hoja hii hupendwa na wasafiri wanaojiona bora kuliko wengine, nayo ni ya kiburi. Familia haikukosa. Ilinunua kitu kilichotangazwa, ikaamini. Anayestahili kuulizwa ni aliyepanga ratiba, akijua vyema jinsi mashua zilivyo, foleni zilivyo na ngazi zilivyo, kisha akaandika kwa herufi kubwa jina la kisiwa kana kwamba kisiwa kimo ndani ya tiketi.

Wapo wengine ambao hoja zao ni nzito zaidi, na haifai kuzipita kwa dharau. Wanasema: kisiwa hiki kilikuwa maskini. Tarehe 9 Julai 1956 tetemeko kubwa la ardhi liliua watu zaidi ya 50, likabomoa nyumba za Ia na Fira, na wengi waliobaki wakafunga virago kwenda Athens na kwingineko. Bila ya wageni, wanasema, vijiji vile vingekuwa magofu hadi leo. Wanasema pia kwamba meli ndiyo njia pekee ya bibi mwenye magoti mabovu kuiona bahari ya Aegean. Kwamba meli huwabeba wazee, watoto na wenye kipato cha wastani ambao hoteli za jabalini haziwezi kuwapokea kwa bei wanazozimudu.

Katika hoja hizi mna ukweli. Wageni walikiinua kisiwa. Lakini wageni gani? Waliokiinua baada ya tetemeko ni wale waliokuja na kulala, waliopanga vyumba katika nyumba za watu, walionunua mkate kwa mwokaji wa mtaani na kumrudia kesho yake. Abiria wa meli amekula asubuhi kabla ya kushuka, na chakula chake cha jioni kinamngoja kule kule alikotoka. Matembezi yake aghalabu ameyanunua melini, na meli imekata chake kwanza. Kinachobaki kwa kisiwa ni aiskrimu, sumaku ya kubandika kwenye jokofu, nauli ya basi, na takataka. Ama kuhusu bibi, inashangaza kwamba wanaomtaja kwa huruma ndio waliomuuzia saa tatu za kusimama foleni juani.

Mtu atasema tena: na hao wanaolala, je, hawana madhara? Wanayo. Majumba ya kukodisha yamepanda hadi kwenye ncha za jabali, maji ya kunywa hutengenezwa kwa kuchujwa chumvi ya bahari, na walimu na madaktari wanaopelekwa kufanya kazi kisiwani huhangaika kupata chumba cha kupanga. Hakuna anayedai kwamba kulala peke yake kunamtakasa mgeni. Tofauti ni kwamba anayelala anaweza kuulizwa: ana chumba chenye namba, ana mwenyeji anayemjua kwa sura, anafungua bomba na kuambiwa maji ni haba. Madhara yake yana mahali pa kushitakiwa. Abiria wa saa chache ni kama mvua ya kusi. Imenyesha, imepita, na asubuhi inayofuata nyingine imetanda.

Tarakimu zenyewe hazina haja ya kutiwa chumvi. Mwaka 2023 meli takriban 800 zilileta Santorini abiria wapatao milioni 1.3, ilhali wakazi wa kisiwa ni kiasi cha 15,000. Kwa kila mkazi mmoja, abiria zaidi ya 80. Mwezi Julai 2024, katika siku ambayo abiria zaidi ya 10,000 walitarajiwa, kiongozi mmoja wa serikali ya mtaa alitoa tangazo kuwaomba wakazi wapunguze kutembea kadiri wawezavyo. Watu walighadhibika, na tangazo likaondolewa. Lakini lilikwisha sema lililokuwa la kweli: ili mgeni apite, mwenye nyumba ajifungie ndani.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wagiriki wa kale walikuwa na neno xenos. Mtu asiyejulikana, aliyetoka nchi nyingine, ni xenos. Na mtu aliyeketishwa, akaoshwa miguu na kulishwa, naye ni xenos. Waingereza wanahitaji maneno mawili kwa watu hao wawili. Kiswahili, kama Kigiriki, kinalo moja: mgeni. Asiyejulikana ni mgeni, na anayekirimiwa ni mgeni; lugha haikuona haja ya kuwatenga, kwa sababu ilijua kwamba huyo wa kwanza, akipewa muda, hugeuka kuwa wa pili. Neno moja linabeba safari nzima kutoka mlangoni hadi jamvini.

Katika Odisei ya Homer, adabu ya jambo hili imepangwa kwa hatua. Msafiri aliyetupwa na bahari hupewa maji na chakula kwanza, na jina lake huulizwa baadaye. Mfalme Alkinoos anamkirimu Odysseus na kumwandalia safari kabla ya kujua ni nani. Na Menelaos, Telemachos anapoomba ruhusa ya kurudi kwao, anamweleza kwamba kumfukuza mgeni atakaye kubaki na kumzuia atakaye kuondoka ni makosa yanayolingana. Adabu hiyo yote imesimama juu ya kitu kimoja: wakati. Hakuna ukarimu wa dakika 20. Meli, kwa kununua wakati wa mgeni na kuuuza vipande vipande, imemwacha na ile maana ya kwanza tu ya neno, asiyejulikana, na kumfungia njia ya kuifikia ya pili.

Na kisiwa hiki kina mengi ya kumwambia anayekaa. Kusini mwake upo mji wa Akrotiri, uliofunikwa na majivu volkano ilipolipuka takriban miaka 3,600 iliyopita, na ambao Spyridon Marinatos alianza kuufukua mwaka 1967, hata mauti yakamkuta papo hapo kazini mwaka 1974. Katika magofu hayo haikupatikana mifupa ya watu walionaswa na mlipuko. Inaelekea walihisi ardhi ikitikisika, wakaondoka mapema. Katika nyumba mojawapo ilipatikana picha ya ukutani yenye msafara wa meli unaotoka mji mmoja kwenda mwingine, na watu wametoka nje na kupanda juu ya mapaa kuutazama. Mchoraji yule aliwapa nafasi wote wawili, wajao na wapokeao. Punje za kunde ndogo za manjano ziitwazo fava, ambazo wakazi huzipika hadi leo, zilipatikana nazo humo. Kuna mizabibu inayosokotwa chini kwa chini mfano wa kapu, ili upepo usiivunje na umande wa usiku uinyweshe. Kuna machimbo ya majivu ya volkano yaliyotumika katika ujenzi wa Port Said na Mfereji wa Suez, mfereji uliobadili safari za bahari hadi pwani hii ya Afrika Mashariki. Yote haya yamo mwendo mfupi tu kutoka foleni ya vibehewa. Familia haikuambiwa hata moja.

Wala haikuambiwa kwamba mwezi Aprili 2007 meli ya kitalii iitwayo Sea Diamond iligonga mwamba ndani ya ghuba ile ile, ikazama, na abiria wawili wa Kifaransa, baba na binti yake, hawakuonekana tena. Watu zaidi ya 1,500 waliokolewa. Wala haikuambiwa habari za mapema mwaka 2025, ardhi ilipotikisika mfululizo kwa wiki kadhaa, shule zikafungwa, na watu zaidi ya 11,000 wakakihama kisiwa kwa muda, kama walivyofanya wale wa Akrotiri. Msimu wa meli haukuwa umefika. Masika ilipokuja nazo zilirejea, na makuba yalikuwa buluu kama kawaida. Mtu hawezi kuitwa mgeni wa nyumba asiyoijua misiba yake.

Serikali ya Ugiriki haikukaa kimya, na meya wa kisiwa, Nikos Zorzos, amekuwa kwa miaka mingi akidai uwekwe ukomo. Kuanzia mwaka 2025 abiria wa meli wasizidi 8,000 kwa siku, na tangu Julai mwaka huo kila abiria anayeshuka Santorini au Mykonos katika miezi ya kilele hutozwa yuro 20. Ni hatua, na ni bora kuliko kulia. Lakini zimekosea kipimo. Zimehesabu vichwa, hazikuhesabu saa. Abiria 8,000 wa dakika 20 ni foleni ile ile, fupi kidogo. Ama hizo yuro 20, kwa anayepanga ratiba ni nafuu kubwa: sasa ana stakabadhi ya kuonyesha kwamba amelipa, na aliyelipa mlangoni hahisi kwamba anadaiwa salamu ndani. Ushuru wa kizingiti haumfanyi mtu kuwa mgeni. Unamfanya kuwa mteja mwenye haki ya kulalamika.

Kipimo kilicho sawa ni muda. Meli isiyolala ilipe mara nyingi zaidi kuliko meli inayolala. Meli inayokaa siku mbili ipewe nafasi mbele ya inayokaa saa tisa. Na zisiruhusiwe kuingia meli nne asubuhi moja ikiwa mashua na vibehewa vinatosha abiria wa meli moja. Abiria watakaoletwa watakuwa wachache, naam, na baadhi ya wauza sumaku watapata hasara, jambo ambalo halina budi kusemwa waziwazi. Wafidiwe. Kisiwa chenyewe kina mfano: vibehewa vya waya vilipojengwa kwa msaada wa familia ya wenye meli wa huko huko, ilipangwa sehemu ya mapato iende kwa wenye punda, waliokuwa wakipoteza riziki yao. Waliofanya hivyo walijua kwamba chombo kipya kikija hakiachwi kimle wa zamani. Kwa nini kanuni hiyo iliyofaa kwa waya isifae kwa meli?

Watasema kampuni za meli hazitakubali, zitahamia bandari nyingine. Huenda. Zitahamia hadi lini? Maji ya ghuba lile, jabali lile na jina lile haviko kwingine, na anayeuza kisichopatikana kwingine hapaswi kuwa wa kwanza kushusha bei. Udhaifu wa visiwa haukuletwa na bahari; umeletwa na kushindana vyenyewe kwa vyenyewe, kila kimoja kikiogopa kwamba jirani atafungua mlango mpana zaidi.

Onyo hilo halikomei Aegean. Meli za namna hiyo hutia nanga Mombasa na Unguja pia, na kila inapoonekana moja, husikika methali ile nyingine: mgeni njoo, mwenyeji apone. Inasemwa kwa nia njema, lakini inasemwa nusu. Kupona kunakozungumzwa hakukuwa kwa sarafu peke yake. Mgeni alileta habari, dawa, wimbo, shauri, na alikaa kiasi cha kutosha kuona mwenyeji anaumwa wapi. Wanaopanga bandari na kuhesabu meli zitakazokuja wawaulize wenye meli swali moja kabla ya kujenga gati: abiria wenu watalala? Jibu likiwa hapana, na ijulikane tangu mapema kwamba kinachokuja si ugeni, na bei yake isiwe ya ugeni.

Ama yule bibi, amerudi kwao. Majirani wakimwuliza Ugiriki ikoje, huwaeleza meli: ngazi zake, taa zake, chakula chake kisichokwisha. Akimaliza, huwaambia kwamba alimwona mwanamke mmoja wa rika lake, mwenye kapu, na kwamba alimwambia neno. Wakimwuliza ni neno gani, hana la kujibu.